Mwanangu anakaribia miaka 4 haongei, naanzia wapi? (niko Dar)

BajajiMbagala:

Wakuu habari za saa hizi. Huu uzi nimeuandika nikafuta mara tatu, leo nimeamua liwalo na liwe, naombeni tu msinicheke.

Nina mtoto wa kiume, mwezi wa nane anatimiza miaka minne. Haongei. Akiwa na mwaka na miezi kama mitano hivi alikuwa na "mama" na "maji", tena "maji" alikuwa anaitamka vizuri kabisa, afu yakapotea. Hatukujua hata yamepotea siku gani, tulikuja kushtuka tu kwamba mbona siku hizi hasemi. Ukimwita jina hageuki hata umpigie kelele sikioni ila mimi naendesha bajaji, nikifika tu kona ya kwa Mangi kabla sijazima yeye keshasimama mlangoni, kwaiyo mimi nasema masikio anayo.

Kutwa yeye na visoda. Anavipanga pale kizingitini kimoja kimoja, vyekundu na vyekundu, vya kijani na vya kijani, safu imenyooka kama kapimia kamba. Ukipita ukakigusa kimoja kwa bahati mbaya analia mpaka mishipa ya shingo inatoka na hapo hata umpe nini hanyamazi mpaka kirudi palepale. Akitaka kitu hanyooshi kidole, anakuja anakukamata mkono anaupeleka mkono wako kwenye sufuria au kwenye mfuniko wa ndoo kana kwamba mkono ni koleo lake.

Sasa nyumbani hapakaliki. Bi mkubwa wangu (mama mzazi) anasema kuna kitu wife alikiuka wakati wa mimba, kila akija ni lazima aliseme, na wife siku hizi shughuli za watu hatoki, anasema amechoka kuulizwa "huyu naye vipi". Mwezi uliopita nikajikaza tukaenda hospitali moja binafsi, daktari hakumwangalia hata dakika tano, mtoto kalia, akaandika kipimo cha picha ya kichwa cha laki kadhaa, akasema tukirudi na majibu ndio tutaongea. Hiyo hela sina. Niuze nini, bajaji yenyewe ni ya mkataba.

Naombeni mwenye uzoefu aniambie naanzia wapi. Na shule atapokelewa kweli huyu?

KiparaNgoto:

Pole sana kaka. Usiwe na presha, wa kiume huwa wanachelewa. Mtoto wa dada yangu hakuongea mpaka miaka mitano na leo anaongea mpaka anakera. Mpe muda, na mpeleke akacheze na wenzake.

TibaAsilia_Uhakika:

Kaka hiyo tunaitoa kwa siku 21 tu, mizizi pamoja na mafuta ya kupaka utosini. Njoo inboksi, malipo nusu kwanza.

mamaZai:

Wewe wa siku 21 hebu mpishe baba wa watu, mimi nilishalipa wenzio watatu kama wewe, mmoja alinitoa mbuzi mweusi. Mtoto wangu sasa hivi ana miaka 11 na yule mbuzi bado sijamsahau.

Na KiparaNgoto usinichukie, najua umesema kwa nia njema ila hiyo "mpe muda" ndiyo iliyonila miaka miwili. Kila niliyemuuliza ananipa mfano wa mjomba wake aliyechelewa kuongea. Mtoto anayechelewa tu kuongea anakunyooshea kidole, anakuletea midoli akuonyeshe, anacheka na wewe, yaani maneno hana ila mazungumzo anayo. Huyu wa huyu kaka alikuwa na maneno yakapotea, hageuki, hanyooshi kidole. Hiyo siyo ya kusubiri hata wiki.

BajajiMbagala mdogo wangu pole, nimesoma hapo kwenye visoda nikaacha kukuna nazi. Wangu alikuwa ni vibanio vya nguo. Mimi siyo daktari na sikuambii mwanao ana nini, ila wangu ni usonji (kwa Kiingereza autism), nilivyoambiwa hilo neno kwa mara ya kwanza nilifikiri ni jina la kijiji.

Sikia. Hiyo picha ya kichwa weka pembeni kwanza. Wangu mimi nilikopa nikampiga hiyo picha, ikatoka safi, nikarudi nyumbani na bahasha kubwa na deni. Usonji hauonekani kwenye picha wala kwenye damu, unaonekana kwa kumwangalia mtoto na kumuuliza mzazi. Picha daktari anaweza kuitaka kwa sababu nyingine, labda mtoto ana degedege au kichwa kimekua isivyo, basi akueleze anatafuta nini. Anza hospitali ya serikali, beba kadi ya kliniki, mtoto wa chini ya miaka mitano sera inasema bure kwenye vituo vya serikali na wako bado yumo, usiache hiyo nafasi ipite. Omba rufaa ya kliniki ya watoto, na dirishani wakikuzungusha ulizia ofisi ya ustawi wa jamii, kila hospitali kubwa ipo, wengi tunapita mlangoni kwao bila kujua ni ya kazi gani.

Jingine rekodi video. Mtoto akifika mbele ya koti jeupe ni kulia tu, daktari ataona nini? Chukua simu, dakika mbili anapanga visoda, dakika mbili mnamwita, dakika mbili anakula. Mimi video ya vibanio ndiyo iliyonisaidia kuliko maelezo yote niliyojieleza.

Na mkeo. Mwambie kuna mwenzie huku Kimara naye alikuwa anajifungia ndani. Baba Zai mwenyewe aliondoka, alisema kwao hakuna watoto wa hivi. Wewe kwa kuja kuuliza tu humu umeshamzidi kwa mbali.

FundiMazoezi:

Mimi ni mtaalamu wa tiba kazi (occupational therapy), niko mkoani, nimesomea hospitali ya KCMC Moshi. Watu wanatuita madaktari wa mazoezi, sawa tu tumezoea.

Mama Zai kasema mengi, naongeza masikio. Kaka hiyo ya bajaji isikudanganye. Injini ni sauti nzito na kubwa, tena inatikisa mpaka ukuta, mtoto anaweza kuisikia hiyo vizuri na bado asishike maneno, mana maneno yana sauti nyembamba ndani yake, hizo s na f na t. Kwaiyo kipimo cha kwanza kabisa ni cha usikivu, kliniki ya masikio, pua na koo. Nimewahi kuona watoto wamepewa jina la usonji kumbe ni masikio, na nimeona waliofanyiwa ya masikio mwaka mzima kumbe ni usonji.

Kuna fomu ya maswali 20 inazunguka sana kwenye magrupu ya wasapu, wazazi wanajaza wenyewe. Ile ni ya watoto wa miezi 16 mpaka 30, wako ameshaivuka, na hata kwa watoto wa umri huo huwa inaonyesha tu kwamba apelekwe akaangaliwe, haisemi ana nini.

Sasa la muhimu, na hili wazazi wengi hawaambiwi: usisubiri jina la tatizo ndio uanze kazi. Foleni ya wataalamu ni ndefu, wa tiba ya usemi nchi nzima ni wachache, unaweza kupewa miadi ya miezi mbele. Mtoto ana hiyo miezi yote na nyie mpo naye ndani. Kwa mtoto kama ulivyomweleza mimi ningeanza na hivyohivyo visoda, wala usimnyang'anye.

Kaa chini pale kizingitini, chini kabisa macho yenu yalingane. Na wewe uwe na visoda vyako, panga safu yako pembeni ya yake, yake usiiguse. Siku ya kwanza hatakuangalia, ya pili labda. Akishakuzoea, badilisha kidogo: visoda vyote vikae kwenye kopo na kopo uwe nalo wewe. Mpe kimoja, tulia. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi, na hapa ndipo wazazi wanaponishinda, hawawezi kunyamaza mpaka kumi. Akikutazama, akinyoosha mkono, akitoa sauti yoyote ile, mpe papo hapo na useme neno moja tu, "kisoda". Siyo "haya baba chukua kisoda chako kizuri". Kisoda. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni. (Na vikague, vyenye kingo kali au alivyozoea kutia mdomoni tafuta vifuniko vikubwa vya plastiki.)

Vivyo hivyo akikushika mkono kuupeleka kwenye ndoo, usifungue haraka. Subiri. Sema "maji". Si ulisema alikuwa nalo?

Watu hudhani huduma ni kumpeleka mtoto kwa mtu wa mazoezi nusu saa kwa wiki akarudi amerekebishwa. Mimi hiyo nusu saa mtoto simfundishi sana, namfundisha mama. Hata Shirika la Afya Duniani mafunzo yao kwa familia za hawa watoto ni ya walezi, vikao tisa vya kikundi na mtaalamu anafika nyumbani mara tatu. Kwa Dar jaribu hospitali ya CCBRT pale Msasani upande wa mazoezi na tiba kazi, na Muhimbili kupitia rufaa. Na akienda mama nenda na wewe hata mara moja, mana nikimfundisha mama peke yake akifika nyumbani anaambiwa anamdekeza.

BajajiMbagala:

Wakuu nimesoma nikiwa kijiweni abiria ananiuliza vipi mbona macho mekundu nikasema vumbi. Asanteni. Jibu la shule je?

MwlKitengo:

Shule nakujibu mimi, nafundisha kitengo cha elimu maalumu kwenye shule ya msingi ya serikali, nilipitia chuo cha ualimu Patandi kule Arusha.

Atapokelewa, na siyo kwa huruma. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma kama mwingine, kwaiyo mwalimu mkuu akikwambia "huku hatuchukui hawa" usigombane naye mlangoni, nenda halmashauri muulizie afisa elimu anayeshughulikia elimu maalumu, ndiye anayejua vitengo viko shule zipi na wapi kuna mwalimu. Wewe uko Temeke anzia hapohapo. Dar majina utakayoyasikia ni Sinza Maalum, Uhuru Mchanganyiko, na Msimbazi Mseto ambao wana kitengo cha usonji. Ila kabla hujakimbilia jina piga hesabu ya njia, mana mtoto asiyevumilia kelele umpandishe daladala mbili saa kumi na mbili asubuhi kila siku, akifika kwangu huwa keshamaliza nguvu zote za siku. Kitengo cha kawaida cha karibu chenye mwalimu mwenye moyo mara nyingine kinashinda.

Ukienda kuangalia shule usiende wakati wa ofisi, nenda wakati wa mapumziko. Angalia nani anawapeleka watoto chooni. Angalia wa kitengo wanacheza na wengine au wamefungiwa uzio wao. Hapo utajua kila kitu, mengine ni mabango.

Na kitu ambacho nawaomba wazazi, msisubiri umri wa darasa la kwanza ufike. Huu muda fanyeni naye choo, kijiko, kuvua na kuvaa shati. Mtoto akija anajua kushika kijiko mimi nashukuru kuliko anayejua a e i o u. Watoto nilionao kumi na sita, msaidizi hakuna, siku ambayo wawili wamejisaidia kwa wakati mmoja hapo hamna somo.

Kwa asiyeongea natumia picha. Nakata boksi la sabuni, nachora kikombe, naandika chini KIKOMBE, natoboa nafunga kamba. Akitaka maji analeta kadi ya kikombe. Wazazi huwa wanaogopa wanasema sasa hataongea kabisa atazoea kadi. Sijaona hilo. Niliowaona, kadi ilitangulia na neno likaja nyuma, na ambao neno halikuja angalau wana njia ya kuomba maji.

mamaZai:

Mwalimu kumi na sita peke yako, Mungu akutunze.

Niongezee na ya hela mana haijaguswa. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi ya mapato yao, si mnajua nne ni wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Sisi akina mama wa hawa watoto tulijikusanya tukaenda halmashauri moja, jina naliacha, afisa akatuangalia mmoja mmoja akauliza "mlemavu ni nani hapa?" Tukamwambia wamelala nyumbani, ndio mana tunataka mradi wa kufanyia nyumbani. Akasema basi njooni kama wanawake. Tukajaza upya kama wanawake, kwenye foleni ya wanawake wote wa wilaya. Aliyefanikiwa na hili atuambie alipitia wapi, mimi nauza barafu za ubuyu mpaka leo.

Mswahili_wa_Kisauni:

Salaam kutoka Mombasa, nawasoma kimya tangu jana. Kakangu wa bajaji pole, Mola atakufanyia wepesi.

Huku kwetu Kenya nieleze tunavyofanya huenda ikawafaa walio mpakani ama wenye jamaa huku. Wangu ni msichana wa miaka tisa, ana mtindio wa ubongo (cerebral palsy), alipozaliwa hakulia, walimpiga makofi mpaka nikaona basi. Kwetu kuna kadi ya watu wenye ulemavu ya baraza la taifa, NCPWD. Unapelekwa hospitali ya serikali daktari anampima anajaza ripoti, ndipo unasajiliwa. Kuna pesa za serikali za Inua Jamii kwa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, shilingi elfu mbili kwa mwezi, si pesa za kujenga lakini pempasi mbili tatu zinaingia. Na kwa mambo ya shule kuna vituo vya kupima watoto vya wizara ya elimu, EARC twaziita, ziko tangu 1984, wao ndio humpima mtoto wakasema aende shule gani. Usijipeleke shule moja kwa moja, pitia huko kwanza, utapunguza kuzungushwa.

Mazoezi tulifanya APDK, chama cha Kenya cha watu wenye ulemavu wa viungo. Na kule kikundini nikafunzwa kiti cha makaratasi, hii nawaambia wenye watoto wasioweza kukaa. Unachukua maboksi na magazeti makuukuu, gundi ni uji wa unga wa ngano, unabandika tabaka juu ya tabaka, unaanika juani, siku zake kinakuwa kigumu kama mbao. Fundi alimpima wangu mgongo, mapaja, hadi pa kuweka miguu, akatilia na meza mbele. Zamani nikimlisha nimemlaza mapajani akipaliwa kila siku, kifua hakiishi. Nilipomkalisha wima kwenye kile kiti shingo ikatulia na uji ukateremka. Nililia siku hiyo, mamangu akaniuliza walilia nini na mtoto ala?

FundiMazoezi:

Dada wa Kisauni hicho kiti hata huku tunavitengeneza. Wazazi naomba mlishike hilo la kulisha wima, mtoto wa mtindio kulishwa amelala chali ni hatari kweli, chakula kinaingia njia ya hewa. Ila kiti apimiwe yeye, usiazime cha mtoto mwingine.

TibaAsilia_Uhakika:

Endeleeni na makaratasi yenu, wenye akili wanajua inboksi iko wapi.

KiparaNgoto:

Mods mtoeni huyu. Na mama Zai sijachukia, nimempigia dada jioni hii kumuuliza vizuri, kasema kweli yule wake alikuwa ananyoosha kidole na kufanya fujo zote, ni maneno tu ndio hakuwa nayo. Nilikuwa nasema nisilolijua.

BajajiMbagala:

Wakuu nimerudi, wiki ya tano hii. Samahani kwa ukimya, simu iliingia maji.

Masikio yamepimwa, anasikia yote mawili. Tumepata rufaa, tumeonana na daktari wa watoto, nikamwonyesha video za visoda akaziangalia zote, akauliza maswali mengi mpaka ya mimba na kuzaliwa, kasema dalili ni za usonji ila atamwona tena na mwenzie ndio waandike. Kipimo cha kichwa kasema kwa sasa haoni sababu. Tiba kazi tumeanza, tunakwenda Alhamisi, mimi siku hiyo natoka barabarani saa tano.

Visoda nilifanya kama FundiMazoezi alivyosema. Wiki mbili za kwanza nilijiona chizi, mtu mzima nimekaa kizingitini napanga visoda majirani wanapita. Kuhesabu mpaka kumi kweli ni kazi, nilikuwa naishia sita. Wiki ya tatu nilikuwa nimeshika kopo nikasinzia, nikahisi mtu ananigusa kidevu ananiinua uso. Alikuwa ananitazama. Machoni. Sikumbuki kama nilisema "kisoda" au nilisema nini.

Neno bado. Kadi ya kikombe anaileta, siku nyingine anaileta hata kama kikombe kimejaa, nadhani anataka tu kuona nikinyanyuka. Bi mkubwa alikuja Jumapili akaanza yake, wife akampa kadi kumi akamwambia mama kaa naye leo mimi naenda sokoni. Tuliporudi tukamkuta bibi kakaa chini kizingitini na safu yake, ananiambia nimletee visoda vya bluu, vya bluu vimempungukia. Ya mimba hajaigusa tangu siku hiyo.

Mwalimu, kadi ya choo unachora nini? Mimi nimechora ndoo, sasa kila akitaka kuoga analeta hiyo.

MwlKitengo:

Hahaha. Chora mtoto amechuchumaa. Au piga picha choo chenu chenyewe, kasafishe ndogo kwenye duka la picha, bandika kwenye boksi. Ya ndoo usiitupe, iandike KUOGA.